Hansadi, Mzalendo au Kenya Law: ipi itakufaa kumpima mgombea wa useneta Lamu?

Bango la mgombea huwa na uso wake, alama ya chama na ahadi moja. Yaliyobaki, yaani alifanya nini kabla ya kuja kuomba kura na atasimamia nini akifika Nairobi, mpiga kura wa Amu, Faza au Mpeketoni huyatafuta barazani. Barazani yapatikana mengi, ila hayaji na tarehe wala karatasi. Kumbukumbu zenye tarehe zipo, ni za bure, na zimewekwa wazi mtandaoni: Hansadi ya Seneti (maandishi ya yaliyosemwa kikaoni), tovuti ya Mzalendo inayofuatilia wabunge, maktaba ya hukumu ya Kenya Law, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti. Ya mwisho ni barua yako mwenyewe ya kuomba habari. Hapa tunazipima zote kwa kazi moja tu: kumjua mgombea wa kiti cha useneta wa Kaunti ya Lamu kabla ya kura ya tarehe 10 Agosti 2027.

Jibu la haraka kwa mwenye bando dogo: kama mgombea amewahi kukaa Seneti, bando lote liende kwenye Hansadi. Kama ni mgeni wa Bunge, Hansadi haina kitu kwake, anza na Kenya Law na ripoti za ukaguzi. Mzalendo ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini usiishie mlangoni.

Unatafuta nini hasa?

Huduma yoyote kati ya hizi itakupotezea wakati ikiwa hujui kazi ya seneta. Seneta hajengi barabara. Hana mfuko wa maendeleo kama NG-CDF ya mbunge wala NGAAF ya mwakilishi wa wanawake, hana idara, hana mhandisi. Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2010 kimempa kazi ya kulinda maslahi ya kaunti, kujadili na kupitisha miswada inayohusu kaunti, kuamua fedha za kaunti zigawanywe vipi baina ya kaunti 47, na kufuatilia zinavyotumika. Hoja ya kumwondoa Rais au Naibu wa Rais huamuliwa Seneti, kama ilivyokuwa Oktoba 2024, na hoja za kuwaondoa magavana huishia huko huko.

Basi mgombea wa useneta anayeahidi gati mpya Kizingitini ameahidi kazi isiyokuwa yake. Jedwali la Nne la Katiba limeweka vivuko na bandari za kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti, na bandari kubwa ya Lamu kule Manda Bay ni ya serikali kuu. Anayeahidi hatimiliki za ardhi ameahidi kazi ya wizara. Analoweza kufanya seneta ni kuomba taarifa kutoka kwa kamati, kupokea ardhilhali ya wananchi na kuisukuma, kumwita gavana ajibu mbele ya kamati ya hesabu, na kupiga kura. Ahadi isiyoingia katika mambo hayo, iweke kando wala usihangaike kuichunguza.

Wanaosoma miongozo ya Marekani kuhusu mgombea wa seneti ya jimbo nao wajihadhari. Huko kila jimbo lina bunge lake, na seneta wa jimbo hupitisha sheria na bajeti ya jimbo lile. Kazi inayokaribia hiyo, kwetu iko kwa wawakilishi wadi katika bunge la kaunti. Namna yao ya kuuliza ni nzuri: kazi gani alifanya, kura gani alipiga, nani anamfadhili. Orodha yao ya mambo ya kuuliza ndiyo isiyohamishika.

Hansadi ya Seneti

Hii ndiyo huduma bora kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Ni maandishi ya neno kwa neno ya yaliyosemwa kikaoni, yamewekwa kwenye tovuti ya Bunge katika sehemu ya Seneti, faili moja la PDF kwa kila kikao. Vikao vya kawaida huwa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Faili moja lina kurasa makumi, na mwenye kuanza ukurasa wa kwanza akisoma kwenda chini atachoka kabla ya kufika kwenye jambo lake.

Fanya hivi. Pakua faili, lifungue kwa programu ya kusomea PDF, kisha bonyeza alama ya kutafuta. Andika kwanza "Lamu" peke yake. Utapata kila mahali kaunti ilipotajwa, na mtu aliyeitaja. Pili, andika jina la mwisho la mgombea kama lilivyotumika Bungeni, kwa sababu Hansadi huandika "Sen." kisha jina hilo. Tatu, andika "Lamu County", neno kwa neno. Hili la tatu ndilo wengi hawalijui, na ndilo lenye faida zaidi.

Sababu ni hii. Kwa mambo yanayogusa kaunti, Kifungu cha 123 kinasema Seneti hupiga kura kwa ujumbe wa kaunti: kila kaunti kura moja, na hoja hupita kwa wingi wa jumbe zote, yaani 24 kati ya 47. Kura hiyo inapopigwa kwa kuitwa majina, Hansadi huchapa orodha. Chini ya waliounga mkono utaona jina la seneta, koma, kisha kaunti yake, halafu nukta mkato na anayefuata, mpaka mwisho, ndipo waje waliopinga na waliojizuia. Ukitafuta "Lamu County" likatokea kwenye waliounga mkono, umejua. Likatokea kwenye waliopinga, umejua. Lisipotokea popote katika orodha zote tatu, basi siku hiyo Lamu haikupiga kura. Seneta asipokuwepo anaweza kumteua mjumbe mwingine wa ujumbe wa kaunti apige kwa niaba yake, kwa hiyo angalia pia kama jina lililo karibu na Lamu ni jingine. Lamu ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, na Nairobi 4,397,073. Katika orodha ile kila moja ina mstari mmoja. Mstari wa Lamu ukikosekana, hasara yake si ndogo.

Yapo yanayoharibika, na yote yana sababu yake.

La kwanza ni lugha. Bunge lina lugha tatu rasmi: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Hansadi huandika hotuba kwa lugha iliyosemwa. Ukitafuta neno la Kiingereza la uvuvi utakosa hotuba nzima iliyotolewa kwa Kiswahili, kisha utamhukumu mtu kwamba hakuwahi kuwasemea wavuvi. Tafuta "wavuvi", "uvuvi", "bahari", kisha rudia kwa Kiingereza. Neno "Lamu" halina tatizo hili, ndiyo maana tukasema uanze nalo.

La pili, kura nyingi hupigwa kwa sauti tu. Hapo Hansadi husema hoja imepita, basi. Usitafute majina, hayapo.

La tatu, kamati hazimo. Na kazi kubwa ya seneta iko kwenye kamati. Hapo toka kwenye Hansadi, nenda kwenye ripoti za kamati katika tovuti hiyo hiyo, ushuke moja kwa moja hadi viambatisho vya mwisho. Huko kuna kumbukumbu za mikutano, na kila mkutano una orodha ya waliohudhuria na wasiohudhuria. Hesabu mara ngapi jina la mtu wako liko upande gani. Kazi hii ni ya dakika kumi na inasema mengi kuliko kipeperushi kizima.

Chini ya kurasa za Hansadi ya mtandaoni kuna onyo kwamba nakala hiyo ni ya kutoa habari tu, na kwamba iliyothibitishwa hupatikana kwa mkurugenzi wa Hansadi wa Seneti. Kwa kuamua kura yako, ya mtandaoni yatosha. Kwa kwenda nayo mahakamani, haitoshi.

Tarehe za kufungua kwanza

Kwa mtu aliyekuwa Seneti mwaka 2020, fungua vikao vya Julai hadi Septemba mwaka ule. Ndipo Seneti ilipokwama kikao baada ya kikao juu ya msingi wa tatu wa kugawa fedha, hadi ukapita tarehe 17 Septemba 2020. Kwa mwaka 2019, tafuta mvutano wa Mswada wa Ugavi wa Mapato, juu ya fungu la kaunti zote, ulioishia kwa shilingi bilioni 316.5. Kwa mwaka 2025, tafuta pale Seneti iliposhika bilioni 465 kwa fungu hilo hilo na Bunge la Taifa likashika bilioni 405, kamati ya upatanishi ikaishia 415. Muulize aliyekuwepo: ulisimama wapi? Kisha fungua faili uone kama jibu linalingana.

Msingi ule wa 2020 unastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo msimamo wa mgombea wa Lamu hupimwa kwa shilingi. Vipimo vyake vilikuwa hivi: idadi ya watu asilimia 18, afya 17, kilimo 10, huduma za miji 5, umaskini 14, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, na mgao wa msingi unaogawanywa sawa kwa kaunti zote, asilimia 20.

Chukua kila bilioni 100 zinazogawanywa kwa kanuni hiyo. Mgao wa msingi ni bilioni 20. Gawanya kwa 47, kila kaunti yapata takriban milioni 425.5, Lamu sawa na Nairobi. Fungu la idadi ya watu ni bilioni 18. Lamu ina watu 143,920 kati ya Wakenya 47,564,296, yaani kama asilimia 0.3, kwa hiyo fungu lake ni takriban milioni 54.5. Nairobi kwa kipimo hicho hicho yapata zaidi ya bilioni 1.6. Sasa hamisha asilimia moja tu kutoka mgao sawa kwenda idadi ya watu: Lamu yapoteza milioni 21.3 na kurudishiwa milioni 3. Pengo ni kama milioni 18 kwa kila bilioni 100. Fedha zikiwa bilioni 415, na kama zote zingepitia kanuni hiyo, asilimia moja ile ni zaidi ya milioni 75 kwa mwaka kwa kaunti ambayo mgao wake wa 2021/22 ulikuwa takriban bilioni 3.1, mdogo kuliko wa kaunti zote 47.

Ndiyo maana kauli ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", yaani fedha zifuate idadi ya watu, itakayoimbwa tena kwenye majukwaa ya kitaifa, si jambo la mgombea wa Lamu kulipigia makofi kwa sababu kiongozi wa chama chake amelipenda. Msingi wa nne ulianza na mwaka wa fedha wa 2025/26, na Kifungu cha 217 kinataka uamuliwe upya kila baada ya miaka mitano. Wa tano utaangukia mikononi mwa seneta atakayechaguliwa 2027. Mgombea asiyeweza kutaja asilimia ya mgao sawa anayoitaka hajajiandaa kwa kazi hii, hata awe na shahada tatu.

Jambo la pili lina tarehe ya mwisho, na tungependa liulizwe kila mkutano kuanzia Kiunga hadi Witu. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo zilizotambuliwa na Tume ya Ugavi wa Mapato. Katiba hiyo hiyo inasema hazina itakoma miaka 20 baada ya Katiba kuanza kutumika, yaani Agosti 2030. Bunge laweza kuirefusha kwa sheria, ila sheria hiyo yahitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya jumbe zote za kaunti katika Seneti. Seneta wa 2027 atakuwa kitini siku hiyo ikifika. Basi maswali ni mawili: utaleta mswada wa kuirefusha au utamngoja mwenzako wa Turkana au Mandera aulete? Na hizo kura 24 utazitafuta kwa nani? Mgombea mwenye majibu utamjua mara moja, maana atataja kaunti kwa majina.

Mzalendo

Mzalendo ni tovuti ya kiraia iliyoanza 2005 kufuatilia kazi za wabunge. Ubora wake ni kwamba inakukusanyia mahali pamoja: ukurasa wa mbunge au seneta, chama chake, na alichosema Bungeni, bila wewe kupakua mafaili ishirini. Kwa anayetumia simu na mtandao wa kusitasita wa visiwani, hilo ni jambo kubwa. Tumia ukurasa wa mtu kupata tarehe alizozungumza, kisha nenda na tarehe hizo kwenye Hansadi ya kikao kizima.

Pale ambapo watu hujikwaa ni kwenye jedwali la utendakazi linalotolewa kila mwaka. Linatokana na uzungumzaji kikaoni. Seneta anayesimama mara kwa mara kuunga mkono hoja za wenzake atapanda juu, na aliyekaa siku nzima kwenye kamati akiwabana maafisa wa kaunti ataonekana bubu. Tazama nafasi ya mtu kama dalili, si kama hukumu. Na ukiona mgombea amebandika nafasi yake kwenye kipeperushi, hesabu ni ngapi kati ya hotuba zake zilizotaja Lamu.

Kenya Law

Hapa ndipo pa kumchunguza aliyekuwa mfanyabiashara, wakili, mkandarasi au afisa. Hukumu za mahakama za juu ni za bure, na Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, limo pia. Akisema alikuwa mwenyekiti wa bodi fulani ya serikali, uteuzi wa aina hiyo kwa kawaida hutangazwa kwenye gazeti hilo kwa nambari na tarehe. Utafute.

Tatizo kubwa la pwani yetu ni tahajia. Mtu mmoja ataandikwa Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye kesi na Muhammad kwenye bango. Abdalla, Abdallah, Abdullahi. Athman, Athuman. Omar, Omari. Sharif, Shariff. Na wengi wanajulikana kwa lakabu isiyoandikwa popote. Njia ya kuaminika ni kungoja orodha ya wagombea inayochapishwa na tume ya uchaguzi, IEBC, kwenye Gazeti Rasmi, uchukue majina yote matatu kama yalivyo pale, kisha utafute kwa jina la kwanza na la tatu, la pili na la tatu, na tahajia zote zinazowezekana. Kabla ya kusema "ndiye huyu", linganisha mji, kazi na miaka. Katika mji ambao majina ya babu yanarudi kwa wajukuu, kumpachika mtu kesi ya mwenziwe ni kosa rahisi sana na ni dhuluma kubwa.

Ukiipata kesi, usiishie kwenye kichwa chake. Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Shuka hadi aya za mwisho zenye amri ya mahakama. Kisha jua kwamba si hukumu zote za mahakama za hakimu zinazofika huko, kwa hiyo ukurasa mtupu hauthibitishi usafi wa mtu.

Kenya Law inafaa pia kupima msimamo. Tafuta kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ile ya bandari ya Lamu, ambayo Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 na kuamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Uisome pamoja na uamuzi wa Juni 2019 wa mahakama maalum ya mazingira uliofuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi. Mgombea akisema "nilisimama na wavuvi" au "nilipinga makaa", angalia majina ya walalamikaji, mashahidi na waliowasilisha viapo. Asipokuwemo haimaanishi anadanganya, wengi walisimama nje ya mahakama. Lakini mwulize basi alisimama wapi, na nani walimwona.

Ripoti za ukaguzi na za bajeti

Kwa mgombea aliyekuwa waziri wa kaunti au afisa mkuu wa idara, huku ndiko kwenye historia yake ya kweli. Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti ya kila kaunti kwa mwaka wa fedha unaoishia tarehe 30 Juni. Anza na aina ya hati: safi, yenye shaka, mbaya, au mkaguzi kukataa kutoa maoni. Kisha tafuta jina la idara yake katika miaka aliyokuwa ofisini. Soma hasa sehemu ya madeni yasiyolipwa na ya miradi iliyokaguliwa kwa macho, kwani huko ndiko huandikwa kwamba jengo limelipiwa na halijaisha.

Msimamizi wa Bajeti naye ana majedwali ya kila robo mwaka yanayoonyesha idara ilitengewa kiasi gani na ikatumia kiasi gani. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Ila hapa jihadhari na hukumu ya haraka. Idara ikionekana imetumia kidogo, linganisha na idara nyingine za kaunti ile ile mwaka ule ule. Zote zikiwa chini, sababu yawezekana ni kuchelewa kwa fedha kutoka Hazina ya Taifa, na mtu huyo hana kosa. Yake peke yake ikiwa chini, hapo pana swali. Lugha ya ripoti hizi ni Kiingereza kigumu cha wahasibu, na hilo ni pungufu la kweli: mpiga kura wa Siyu anastahili muhtasari wa Kiswahili wa matumizi ya fedha zake.

Barua ya kuomba habari

Watu wachache huitumia, nasi twaiweka juu ya Mzalendo kwa mgombea aliyewahi kuwa na cheo cha umma. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na afisa akamwandikia. Hakuna ada ya kuomba, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na yaweza kuongeza 14 mara moja ikiwa habari ni nyingi. Ikikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Barua nyingi hukwama kwa sababu ya swali. "Naomba kujua kama fulani alifanya kazi nzuri" haliwezi kujibiwa, kwa kuwa linaomba maoni. Omba karatasi: "Naomba nakala ya orodha ya zabuni zilizotolewa na idara ya uvuvi kuanzia Julai 2019 hadi Juni 2020, majina ya waliopewa, na kiasi cha kila moja." Taja idara, taja miezi, taja aina ya hati. Usiombe miaka kumi kwa pamoja. Barua isiyo na anwani yako wala nambari ya simu nayo haina pa kurudishwa.

Andika nakala mbili. Moja iachie ofisi. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe ukiwa umesimama pale pale, kwa sababu siku 21 zitahesabiwa kutoka tarehe hiyo, na bila mhuri ni neno lako dhidi ya lao. Kwa mwenye kutoka Ndau au Kiwayu, ambaye kurudi mara ya pili ni nauli nyingine ya mashua, hakikisha mambo hayo mawili kabla ya kuondoka: mhuri, na jina la afisa aliyepokea.